Somo: Walikwenda Geneva Kutafuta Nini?



Somo letu la mara hii linahusu mazungumzo ya kupunguza makombora ya nyuklia yaliyofanywa baina ya Marekani na Muungano wa Kisovieti, ambao kwa mazoea yetu tutauita Urusi. Mazungumzo hayo yalifunguliwa mjini Geneva, nchi ya Uswisi, tarehe 30 Novemba 1981, yakavunjika, yakafufuliwa, na mwisho yakazaa mkataba uliotiwa sahihi mjini Washington tarehe 8 Desemba 1987. Nimeyachagua kwa sababu mkataba huo ndio wa kwanza uliofuta aina nzima ya silaha za nyuklia. Mikataba ya kabla yake, kama ule wa 1972, iliweka mipaka tu. Iliwaambia wenye silaha wasizidishe, haikuwaambia wavunje. Tena nimeyachagua kwa kuwa mkataba wenyewe sasa haupo. Marekani ilijitoa tarehe 2 Agosti 2019, na makombora yaliyokatazwa kwa miaka thelathini na zaidi yanaweza kutengenezwa na kuwekwa tena. Siku mataifa hayo yatakaporudi mezani, yatakuta maswali yale yale yakiyangoja.

Wengi wetu tukisikia redioni kwamba mazungumzo ya silaha yamekwama, hudhani kilichokwama ni idadi: huyu ataka mia, yule ataka mia mbili. Kumbe idadi huja mwishoni. Kwanza lazima wapatane ni kitu gani kinachohesabiwa, na hapo ndipo penye kazi, maana kila upande huhesabu kile unachokiogopa.

HOFU MBILI

Katika miaka ya 1976 na 1977 Urusi ilianza kuweka kombora jipya ambalo nchi za Magharibi ziliita SS-20. Lilibeba vichwa vitatu vya nyuklia, na kila kichwa kiliweza kwenda kwenye shabaha yake. Lilifika umbali wa kilomita 5,000 hivi. Halikukaa shimoni mahali pamoja kama makombora ya zamani; lilichukuliwa juu ya gari kubwa, likaweza kuhamishwa usiku na kufichwa msituni. Marekani halikuifikia, lakini London, Paris, Bonn na Roma zote zilikuwa ndani ya masafa yake. Basi watu wa Ulaya Magharibi wakaanza kujiuliza: Urusi ikitutisha kwa kombora lisilofika Marekani, je, Marekani itakubali kuitia miji yake hatarini kwa ajili yetu?

Jibu la umoja wao wa kujihami, yaani NATO, lilitolewa tarehe 12 Desemba 1979. Walisema mambo mawili kwa pamoja. Kuanzia mwisho wa 1983 wataweka Ulaya makombora 572 ya Marekani: 108 ya aina ya Pershing II, na 464 ya kruzi, yaani yale yanayoruka chini chini kama ndege isiyo na rubani ili rada zisiyaone. Wakati huo huo wako tayari kuzungumza na Urusi, na mazungumzo yakifaulu huenda makombora hayo yasiwekwe. Fimbo ilikuwa mkono mmoja, na mkono wa pili umenyoshwa kusalimu.

Sasa tuhamie upande wa pili, maana mwalimu anayefundisha ugomvi kwa upande mmoja hafundishi. Pershing II ilikuwa na mwendo wa kasi mno. Kutoka Ujerumani Magharibi ingeweza kupiga ndani ya Urusi kwa muda wa dakika kumi hivi. Dakika kumi hazitoshi hata kumwamsha kiongozi, kumweleza na kumngoja aamue. Warusi waliamini kwamba kombora hilo limekusudiwa kuwakata kichwa, yaani kuua viongozi na kuharibu vituo vya amri kabla hawajajua kuna vita. Wamarekani waliliona ni kinga ya rafiki zao. Warusi waliliona ni kisu shingoni.

HESABU ZISIZOFANANA

Nilipokuwa nikifundisha katika chuo cha ualimu niliwaambia wanafunzi wangu kwamba mtoto akileta jibu lisilofanana na la kitabu, wasipige mstari mwekundu mara moja. Wamwulize kwanza amehesabu nini. Ushauri huo ungefaa sana Geneva. Urusi ilisema kwamba katika Ulaya pande mbili zilikuwa tayari sawasawa, karibu elfu moja kwa elfu moja. Marekani ilisema Urusi imezidi mara sita. Ni Ulaya ile ile, na ni wakati ule ule! Tofauti ilitoka hapa: Urusi ilihesabu pia makombora 162 ya Uingereza na Ufaransa, pamoja na ndege za Marekani zilizoweza kubeba mabomu. Marekani ilisema Uingereza na Ufaransa ni nchi zenye madaraka yao, hazimo katika mazungumzo haya, na silaha zao hazihesabiwi. Urusi ikajibu kwamba kombora likikuangukia halikuulizi pasipoti.

Yule mfalme wa Luka 14:31, aliyekaa chini kupima kama askari wake elfu kumi wataweza kuwakabili elfu ishirini, alikuwa na kazi nyepesi kuliko hawa. Askari ni askari. Hapa hawakupatana hata nani ni askari wa nani.

Rais Ronald Reagan alitangaza lengo la Marekani tarehe 18 Novemba 1981, siku chache kabla ya kikao cha kwanza. Lilikuwa sufuri: Urusi ivunje SS-20 zote pamoja na makombora ya zamani ya jamii hiyo, na Marekani haitaweka hata moja kati ya yale 572. Lilikuwa pendekezo la kueleweka hata na mtoto, na lilipendeza masikioni. Lakini litazame tena. Upande mmoja unaambiwa uvunje makombora yaliyokwisha kusimama, na upande wa pili unaahidi kutoleta yale ambayo bado hayajafika. Alexander Haig, waziri wa mambo ya nje wa Marekani wakati ule, hakulipenda, kwa kuwa aliona Warusi hawawezi kulikubali.

Sisi tuliozoea vikao vya mahari tunaujua mchezo huu. Mzee hutaja ng'ombe ishirini huku moyoni ana kumi na wawili. Hilo ni la kawaida na halimuudhi mtu. Lakini ipo pia mahari inayotajwa ili posa ishindikane, na mzee asionekane kuwa yeye ndiye aliyekataa. Lile pendekezo la sufuri lilikuwa la namna gani? Yawezekana lilikuwa la namna zote mbili, kwa kuwa ndani ya serikali moja wamo watu wa nia mbalimbali. Madai ya Urusi nayo hayakuwa bora: ilitaka Marekani isilete hata kombora moja, yenyewe ikibaki na SS-20 nyingi kwa kisingizio cha Uingereza na Ufaransa.

MATEMBEZI YA WAZEE WAWILI

Kiongozi wa ujumbe wa Marekani alikuwa Paul Nitze, mzee wa miaka 75. Wa Urusi alikuwa Yuli Kvitsinsky. Tarehe 16 Julai 1982 wawili hawa walitoka nje ya mji wakapanda milima ya Jura, karibu na kijiji cha Saint-Cergue, wakatembea msituni peke yao. Waliketi juu ya gogo wakapitia karatasi alizokuja nazo Nitze. Mvua ilipoanza kunyesha wakaingia garini wakaendelea.

Masharti waliyoyapanga yalikuwa haya. Kila upande ubaki na mitambo 75 ya kurushia katika Ulaya. Kwa Urusi hizo ni SS-20 zenye vichwa vitatu kila moja, jumla 225. Kwa Marekani ni mitambo ya kruzi yenye makombora manne kila mmoja, jumla 300. Pershing II isiwekwe kabisa. SS-20 zilizokuwa Asia zisizidi 90. Makombora ya Uingereza na Ufaransa yasitajwe.

Naomba msomaji arudie sentensi hizo taratibu, maana ndiyo shule ya somo hili. Marekani ilipewa vichwa vingi zaidi, lakini vya mwendo wa polepole, visivyoweza kushtukiza. Urusi ilibakiwa na makombora ya kasi, lakini machache, na ilitolewa kile kisu shingoni. Hesabu hazilingani, 225 kwa 300. Ila kila mmoja aliondolewa lile lililomnyima usingizi.

Miji mikuu yote miwili ilikataa. Washington iliuliza kwa nini iache kombora lake la kasi wakati Urusi inabaki na la kwake. Moscow ilikataa pia, na Kvitsinsky alirudi na jibu la ukavu. Washenga walipatana, wazee wa nyumbani wakasema hatukuwatuma hayo. Mimi naona nafasi ile ilipotezwa vibaya, ingawa wako wanaosema kwamba kama ingekubaliwa tusingefika kwenye sufuri ya 1987. Huenda. Lakini mwaka 1982 hakuna aliyejua kama 1987 itafika salama.

MWAKA WA HOFU

Mwaka 1983 watu wa Ulaya walijaa barabarani kupinga makombora. Kule Greenham Common, Uingereza, wanawake walikuwa wamepiga kambi mbele ya kituo tangu 1981. Kanisa la Uingereza nalo halikukaa kando. Mwaka 1982 kikundi kilichoongozwa na John Austin Baker, aliyekuwa Askofu wa Salisbury, kilitoa taarifa juu ya Kanisa na bomu, kikashauri Uingereza iache silaha zake za nyuklia bila kungoja nchi nyingine. Sinodi Kuu ilijadili jambo hilo Februari 1983. Ilikataa kuacha kwa upande mmoja, ila ikapitisha azimio kwamba Uingereza isiwe kamwe ya kwanza kuzitumia. Tutaona baadaye ni nani aliyeachilia kwanza, na alipata nini.

Tarehe 22 Novemba 1983 bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha Pershing II. Kesho yake Warusi walikusanya karatasi zao wakaondoka Geneva.

Katika ukimya uliofuata ndipo Mwalimu Nyerere alipoingia. Tarehe 22 Mei 1984 viongozi sita wa nchi zisizo na kombora hata moja la nyuklia walitoa mwito wa pamoja: yeye kwa Tanzania, Indira Gandhi wa India, Olof Palme wa Sweden, Raúl Alfonsín wa Argentina, Miguel de la Madrid wa Mexico, na Andreas Papandreou wa Ugiriki. Waliyataka mataifa makubwa yaache kujaribu, kutengeneza na kuweka silaha hizo, kisha yaanze kupunguza. Kilichonivutia mimi ni walichoongeza katika mkutano wa Mexico wa Agosti 1986. Marekani ilikuwa ikisema kila mara kwamba majaribio hayawezi kusimamishwa kwa kuwa hakuna njia ya kuhakikisha. Wale sita wakasema: sisi tutasaidia kuhakikisha. Mataifa makubwa hayakuwaita. Hata hivyo walikuwa wameweka kidole juu ya kidonda chenyewe, kama tutakavyoona.

KIFUNDO CHAFUNGULIWA

Mazungumzo yalianza upya tarehe 12 Machi 1985, siku moja baada ya Mikhail Gorbachev kuchaguliwa kuongoza Urusi. Safari hii mambo matatu yalifungwa pamoja: makombora ya masafa marefu, yale ya masafa ya kati, na silaha za angani. La tatu liliwekwa kwa sababu Reagan alikuwa ametangaza mwaka 1983 mpango wa kujenga kinga ya kuyapiga makombora yakiwa angani. Kwake ilikuwa ngao. Warusi walisema mwenye ngao huona wepesi kurusha mkuki.

Tarehe 11 na 12 Oktoba 1986 wakuu hao walikutana Reykjavik, nchi ya Iceland. Kwa muda wa siku mbili walikaribia mambo ambayo wasaidizi wao hawakuyaota. Silaha za masafa marefu zipunguzwe nusu. Ulaya isibaki na kombora hata moja la masafa ya kati, la Urusi wala la Marekani, na kila upande uwe na vichwa 100 tu nje yake, Urusi katika Asia na Marekani nyumbani kwake. Gorbachev alikuwa amekwisha kuacha kudai hesabu ya Uingereza na Ufaransa. Yote hayo yalianguka kwa sababu ya neno moja, maabara. Gorbachev alitaka majaribio ya ile kinga yasitoke nje ya maabara kwa miaka kumi. Reagan alikataa, wakaachana kwa huzuni.

Kisha tarehe 28 Februari 1987 Gorbachev alitangaza kwamba makombora ya masafa ya kati yatengwe, yapatiwe mkataba wake peke yake bila kungoja jambo la angani. Kwa nini? Uchumi wa Urusi ulikuwa umechoka, na vita ya Afghanistan ilikuwa inawala. Lakini iko sababu ya ndani zaidi. Alikuwa amejiuliza upya alichokitaka tangu mwanzo. Alitaka Pershing II iondoke. SS-20 zilikuwa zimeiita Pershing II ije Ulaya. Kuziondoa SS-20 kulikuwa bei ya kuiondoa. Akishaliona hivyo, lile pendekezo la sufuri la 1981, ambalo wengi walilidhani ni mahari ya kukatalia posa, likawa ni faida kwake.

Zilibaki zile 100 za Asia, ambazo Japani na China hazikuzifurahia. Hapa hesabu inatoa fundisho zuri. Kukagua mia ni kazi ngumu kuliko kukagua sufuri. Ukiruhusu mia, siku utakapoliona kombora moja barabarani utajuaje kama ni la mia na moja? Ukiruhusu sufuri, hilo moja linatosha kuwa ushahidi. Julai 1987 Gorbachev alikubali sufuri ya dunia nzima, na makombora mafupi zaidi yakaingizwa humo.

Likaja jambo la ukaguzi. Kwa miaka mingi Warusi walisema kukaguliwa ndani ya nchi yao ni kupelelezwa, na Wamarekani walijua watakataa, kwa hiyo walidai ukaguzi mkali bila wasiwasi. Warusi walipobadilika ghafla na kusema haya, njoni, nasi tutakuja kwenu, Wamarekani walishtuka. Viwanda vyao vya siri navyo vingefunguliwa! Wakapunguza madai yao wenyewe. Ndiyo hatari ya kudai jambo ukitegemea mwenzako atakataa. Mwishoni wakaguzi wa Marekani walikaa kwenye lango la kiwanda cha Votkinsk, na wa Urusi kwenye kiwanda cha Magna katika jimbo la Utah. Reagan alipenda kurudia methali ya Kirusi isemayo amini, lakini hakikisha. Siku ya kutia sahihi Gorbachev alimtania kwamba anairudia kila wanapokutana, watu wakacheka.

Mkataba ulikataza makombora yote ya nchi kavu yanayofika kati ya kilomita 500 na 5,500. Ulianza kazi tarehe 1 Juni 1988, na kufikia katikati ya 1991 makombora 2,692 yalikuwa yameharibiwa: 1,846 ya Urusi na 846 ya Marekani. Ni vema tujue pia kwamba vichwa vya nyuklia vyenyewe havikuharibiwa chini ya mkataba huo. Viliondolewa kwanza, na kilichovunjwa ni kombora na mtambo wake.

HALI ILIVYO SASA

Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia karibu 70,000. Siku hizi ni kama 12,000, na karibu tisa katika kila kumi ni vya Urusi na Marekani. Upungufu huo ni matunda ya mkataba wa 1987 na ile iliyofuata, hasa wa 1991. Mkataba wa 1987 ulikufa kwa sababu Marekani iliituhumu Urusi kutengeneza kombora jipya la kruzi lililovuka kilomita 500, na Urusi ilikana, nayo ikaituhumu Marekani juu ya mitambo yake huko Romania. Marekani ilitaja sababu nyingine pia: China, ambayo haikutia sahihi, ilikuwa na makombora mengi ya masafa hayo hayo. Mkataba wa 2010, ulioziwekea Urusi na Marekani kikomo cha vichwa 1,550 kila moja vya masafa marefu, uliandikiwa kuisha Februari 2026, na Urusi ilikuwa imesimamisha ushiriki wake tangu Februari 2023.

Marekani ingependa China ihesabiwe. China husema silaha zake ni chache, wakubwa wawili wapunguze kwanza. Urusi nayo imesema kwamba China ikihesabiwa, basi Uingereza na Ufaransa zihesabiwe pia.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi. Nitze na Kvitsinsky walipita maagizo waliyopewa: je, mjumbe ana haki ya kufanya hivyo, na hadi wapi? Urusi ilivunja makombora zaidi ya mara mbili ya yale ya Marekani: ilipata nini ambacho hakionekani katika hesabu ya 1,846 kwa 846? Na kama ninyi mngetumwa kukaa mezani leo, mngemwita nani aje kuhesabiwa, na mngeanza kwa kumwuliza nini?